Nani Atamurudisha

Nakumbuka shati kuliko ninavyoikumbuka siku yenyewe, mwanangu. Lilikuwa jeupe, la kaka yangu Safari, na kola yake nilikuwa nimeifumua na kuigeuza kwa mkono wangu, kwa sababu upande wa nje ulikuwa umelika. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza najifunza cherehani kwa fundi mmoja wa mtaani kwetu, pembeni ya Bukavu. Asubuhi ile Safari alikuwa anaondoka na watu wa koperative, nami nilitaka aondoke akiwa amenyooka.

Wakati ule kwetu koperative ilikuwa na maana moja tu. Walikuwa watu walioungana kuchimba mawe meusi ya madini huko milimani, wenye mwenyekiti, muhuri na lori. Walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana wenye nguvu. Walimwambia baba kwamba Safari atafundishwa kazi, na huku anafundishwa atakuwa analipwa. Baba alilirudia jambo hilo mara nyingi siku hiyo, kama mtu anayeonja chumvi. Maana kwetu anayejifunza kazi ndiye anayetoa. Mimi mwenyewe nilimfulia fundi wangu nguo na kumchotea maji ili anionyeshe namna ya kukata mkono wa blauzi. Kujifunza huku unalipwa ilikuwa habari ngeni, na habari ngeni ikiingia kwa watu waliochoka inapewa kiti, haiulizwi imetoka wapi.

Basi wale watu walipokuwa wameketi, akaingia jirani yetu Mama Nabintu, mama mzee aliyekuwa akiuza unga wa muhogo. Alikuja kuomba makaa ya moto. Akawaona wageni, akamwona Safari anafunga viatu, akasimama na kigae chake mkononi.

"Huyu mutoto banamupeleka wapi?" akauliza.

"Ku kazi, mama," mmoja akamjibu.

"Nani atamurudisha?"

Wakacheka. Yule mmoja akasema, "Mama, lori njo itamurudisha," yaani lori ndilo litakalomrudisha.

"Lori haiko na mama," akasema Mama Nabintu. "Mi nauliza mutu."

Baba akamwambia achukue moto wake aende, wageni wana haraka. Akachota makaa. Alipofika kwangu, pale nilipokuwa na pasi, akanisemesha kwa sauti ya chini ambayo baba hakuisikia: "We njo unajua kusoma ku hii nyumba. Na we unapiga pasi tu."

Nilidhani ana wivu, kwa kuwa wanawe hawakuchaguliwa. Sasa ninapokusimulia haya nina umri unaokaribia wake wa siku ile, na bado sijui alikuwa anaona nini. Labda hakuona kitu. Labda aliuliza tu kile ambacho mtu yeyote angeuliza kama asingekuwa amefurahi.

Safari hakurudi. Mvua zilipokuja, mlima uliteleza ukafunika shimo walilokuwemo. Baba alipokwenda kumuulizia, watu wa koperative walisema hawana mtu wa jina hilo. Hawakuwa wanasema uongo, nadhani. Walikuwa hawajawahi kumuuliza jina. Walimpeleka baba akaone mahali: udongo mwekundu, mpana kama shamba, na pembeni yake watu wengine wamekwisha kuanza shimo jipya. Baba alirudi na udongo huo katika viatu, na hakuwa na kitu kingine cha kutuonyesha.

Nyumbani kwetu kilio kina mwisho. Mtu akishazikwa, ukoo unakaa, unanyoa, unaoga, kila mmoja analitaja jina la marehemu kwa sauti, halafu watu wanaruhusiwa kucheka tena. Sisi hatukuwa na wa kumzika. Kisha vita vikatutawanya, baba na mama wakafia njiani, na mimi nikafika Malawi, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kilio cha Safari kikiwa wazi. Mtu ambaye kilio chake hakijafungwa, habari zake hatuzisimulii ovyo. Ndiyo maana binti yangu Riziki alikua bila kujua kwamba alikuwa na mjomba.

Nivumilie, mwanangu, ninakokupeleka ni karibu.

Riziki alizaliwa hapa kambini. Shule amesoma kwa Kiingereza, mtaani anaongea Kichewa, na Kiswahili chetu amekipata jikoni kwangu. Alipokuwa mdogo ilikuja mashine ya kuchimba kisima karibu na kanisa letu. Watoto wengine walikwenda kuangalia maji. Yeye alikuwa anaangalia udongo, kwa sababu wale mafundi kila walipochimba hatua kidogo walimwaga kilichotoka chini, vilima vidogo vidogo katika mstari, cha kwanza cheusi, cha mbele yake chekundu, cha mwisho kijivu kama majivu. Alirudi nyumbani akaniambia kwamba chini ya kambi kuna vitu vimepangwa kama vitambaa dukani. Tangu siku hiyo hakuacha.

Mwaka alioitwa chuo, alinikuta barazani nashona sare za wanakwaya.

"Mama, nimepata," alisema. "Chuo kikuu, ng'ambo, kule kwenye baridi. Nitasoma uinjinia wa jiolojia. Mawe, udongo, milima."

"Njo kusema utachimba?"

"Apana, mama. Injinia hachimbi. Na haiko kusoma tu. Unasoma miezi, halafu banakutuma ku kazi, ku kampuni, miezi, na banakulipa. Halafu unarudi ku darasa. Banaita ko-opu."

"Ko-opu njo nini?"

Akafikiri. Nilimwona anatafuta neno la kunisaidia, kama mtu anayepapasa kabatini gizani. Akalipata, akafurahi kulipata.

"Ni kama koperative, mama."

Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Nikasema, "Bien," yaani vizuri. Nikamuuliza kama amekula. Akaenda kuwaambia rafiki zake.

Siku zilizofuata sikuwa mtu mzima wa akili. Majirani walikuja kunipongeza. Mama Ndayi, Mrundi tunayepakana ukuta, aliniambia, "Sasa wewe mama wa injinia utatushonea bure, au utaanza kutudharau?" Nikacheka pamoja naye, kisha nikashona mkono wa kulia wa sare mahali pa kushoto. Maneno yalikuwa yale yale, mwanangu, na yalikuja kwa mfuatano ule ule: atafundishwa, atalipwa, atatumwa, milima, koperative. Kilichokosekana ni shati tu. Nilijiambia kwamba huku ni chuo, kule kulikuwa na muhuri na lori. Halafu nikajiambia kwamba hata wale walikuwa wamekaa vizuri kwenye viti vya baba. Nilikuwa nikiamka na ndiyo, na kabla chai haijachemka imegeuka hapana. Riziki hakuniuliza. Aliona nimenyamaza, na kwa kuwa siku zote nimekuwa mtu wa kunyamaza, hakuona tofauti.

Wenye kutoa nafasi ile walikuwa na sharti. Kila mwanafunzi aje Lilongwe na mzazi wake, na mzazi atamke kwa kinywa chake kwamba amekubali. Asiyekubaliwa na mzazi, nafasi yake inapewa mwingine. Kwa hiyo yote yalikuwa yamewekwa juu ya ulimi wangu.

Tuliondoka na kabaza, baiskeli za kukodi, hadi barabarani, Riziki kwenye baiskeli ya mbele, mimi ya nyuma, na kijana aliyenibeba akilalamika kwa mzaha kwamba mkoba wangu una mawe. Nilishtuka, wala hakujua kwa nini. Barabarani tukapanda gari, na tulipofika Kanengo, mwanzo wa Lilongwe, harufu ya tumbaku kutoka maghalani ikaingia garini, na Riziki akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni tumbaku.

Ofisini tulipokewa na madamu mmoja Mmalawi, mtu wa heshima, mwenye kuongea taratibu. Mimi Kiingereza changu ni cha kununulia uzi, kwa hiyo waliniwekea mkalimani, kijana Mrundi aitwaye Dezire. Alikulia katika kambi za wakimbizi za nchi nyingine kabla ya kufika huku, na Kiswahili chake kilikuwa laini kama cha redioni. Madamu alieleza mengi. Dezire alitafsiri mengi. Nilishika machache. Mwishoni Dezire akaniambia, "Mama, madamu anauliza kama unakubali, na kama una swali lolote."

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Nakuambia kweli. Kinywa kilipofunguka, kikatoka kitu kingine, kwa sauti ambayo haikuwa yangu sawasawa.

"Nani atamurudisha?"

Uso wa Dezire ukabadilika. Akamgeukia madamu, wakasemezana kidogo. Madamu akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa kwa nguvu, akinitazama kwa huruma.

"Mama, ondoa wasiwasi kabisa," Dezire akasema. "Hatarudishwa."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Hatarudishwa?"

"Hatarudishwa, mama. Hakuna mtu yeyote atakayemrudisha. Hilo tunakuahidi."

Wote wawili wakatabasamu. Nikawatazama. Nikasema moyoni, wale wa kwanza angalau walitaja lori. Hawa wananiambia waziwazi kwamba hakuna, na wanafurahi. Nikachukua mkoba wangu, nikasimama. Madamu akadhani nimeridhika, akanyoosha mkono. "Zikomo, amayi," akasema, yaani asante, mama.

"Haendi," nikajibu, nikatoka.

Riziki alinikuta kwenye ngazi ya saruji nje, karibu na mlinzi aliyekuwa anasikiliza redio yake. Alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Mama, unanifanya nini? Banakuambia habatanirudisha Congo, na we unakataa?"

"Nani ametaja Congo?"

"Si we njo umeuliza?"

"Mi nimeuliza nani atakurudisha. Ku nyumba. Kwangu."

Mlinzi alipunguza redio kidogo, si kwa adabu, alitaka kusikia, ingawa Kiswahili hakijui. Riziki akaketi kando yangu. Kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Mama, nani njo hakurudishwa?"

Nikamwambia. Nilianza na kola, kwa sababu ndipo ninapoweza kuanzia. Nikamwambia jina. Nikamwambia lori, mwenyekiti, mvua, viatu vya baba. Nikamwambia kwamba walikuwa koperative, na kwamba walisema atafundishwa huku analipwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema polepole:

"Ile neno nimeitafuta mi mwenyewe, mama. Nilitaka tu uelewe. Haiko ile."

"Najua."

"Apana, haukujua. Na mi sikujua."

Alisema kweli. Hakuna kati yetu aliyejua.

Tukarudi ndani. Mara hii Riziki ndiye aliyemweleza Dezire nilichouliza, na kwa nini. Yule kijana akaweka kalamu mezani.

"Mama, nisamehe," akasema. "Sisi katika kambi niliyokulia tulirudishwa Burundi kwa nguvu. Nilikuwa mdogo. Mtu akitaja kurudishwa, mimi naona malori yamepanga foleni na mama yangu anafunga sufuria. Sikufikiri kwamba kuna kurudishwa kwingine."

Basi ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Watu wawili tumekaa meza moja, tunaongea lugha moja, na kila mmoja ana lori lake ndani ya neno lile lile. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo kichwa kinanizunguka. Najiuliza ni mara ngapi, mimi na jirani zangu hapa, tumejibizana hivyo na kuachana tukidhani tumeelewana.

Madamu alipotafsiriwa swali langu la kweli, hakulijibu upesi, na hilo lilinifanya nianze kumwamini. Akasema kuna mtu chuoni, mwanamke, ambaye kazi yake ni kujua kila mwanafunzi yuko kampuni gani, ameenda lini, anarudi darasani lini. Akalitaja jina lake. Akasema kampuni inaandikiana na chuo kwa jina la mwanafunzi, na kwamba anayeingia kwenye machimbo au chini ya mlima anahesabiwa akiingia na anahesabiwa akitoka.

"Na mulima ukianguka?" nikauliza.

Dezire akatafsiri. Madamu akasema hawezi kuniahidi kuhusu mlima. Akasema hata hivyo kazi ambayo Riziki anakwenda kujifunza ni hiyo hiyo: kuutazama mteremko, nyufa zake na maji yanapopita ndani yake, na kusema hapa watu wasiingie.

"Na akisema basiingie, banamufanya nini?"

"Wanamlipa, mama," Dezire akasema. "Hiyo ndiyo kazi."

Hapo nilichanganyikiwa kuliko mwanzo. Kule kwetu, kijana aliyesema tusiingie leo alifukuzwa na mwingine akachukua nafasi yake kabla ya mchana. Kwamba kuna mahali mtu analishwa kwa kusema musiingie, jambo hilo lilikataa kukaa vizuri kichwani mwangu, na sitakudanganya kwamba limekaa sasa. Lakini nilikuwa nimepewa mtu, mwenye jina. Mama Nabintu aliuliza mtu. Nikasema nimekubali. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikasema kwa Kiingereza changu cha kununulia uzi, ili pasiwe na nafasi ya kukosea.

Usidhani nilitoka pale nikiwa na furaha. Tulikwenda mtaa wa Area 25 kwa dada mmoja wa kanisani, akatupikia nsima, ugali wa huku, na mboga, na nilikula bila kusikia ladha. Riziki akaniuliza kama ule mlima una jina. Nikamwambia. Akaliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, bila kuniambia analitaka la nini, na mimi sikuuliza. Labda siku moja atakwenda kuutazama. Sijui kama nataka aende. Kuna siku nataka na kuna siku sitaki.

Sasa yuko huko. Miezi aliyokuwa darasani nililala vizuri. Kisha ikaja miezi ya ko-opu, wakampeleka mahali wanapokata mlima kupitisha barabara, akanitumia picha amevaa kofia ngumu, nyeupe, anacheka. Picha ile sikuweza kuitazama kwa muda mrefu. Lakini kila siku akitoka kazini ananitumia sauti kwa simu. Inanifikia asubuhi nikiwa nafunua cherehani. Ana mambo mengi ya kusema kuhusu baridi na chakula, ila la kwanza huwa ni neno moja. "Nimerudi, mama." Ndipo naweza kutunga uzi kwenye sindano.

Kilio cha Safari bado hakijafungwa. Riziki anasema tunaweza kukaa sisi wawili siku akija, tutaje jina, tuoge, iishe. Sijui kama inaruhusiwa bila mwili. Wa kuwauliza wote wamekufa. Ila tangu siku ile ya ngazi ya saruji nimeanza kucheka mara moja moja bila kujishtukia, kwa hiyo huenda kitu fulani kilifungwa pale bila sisi kuketi rasmi.

Sasa nikuachie niliyokuitia, mwanangu, wewe unayejiandaa kuondoka.

Ukileta nyumbani neno jipya, usiharakishe kulivika nguo za neno la zamani ili tulizoee. Hujui nguo hizo alikuwa amezivaa nani. Tueleze kitu chenyewe, hata kwa maneno mengi, hata tukionekana wazito. Na mtu wa nyumbani kwako akikataa heri yako bila sababu, usikimbilie kusema hajasoma. Keti naye kwenye ngazi. Muulize ni nani hakurudishwa. Huenda hajawahi kuulizwa.

Na popote wanapokuambia utafundishwa na utalipwa, nenda, ni jambo jema, nimeliona kwa Riziki. Lakini kabla ya kufunga viatu uliza ni nani atakayekurudisha. Uliza mtu, usikubali kupewa lori. Ukijibiwa, subiri mpaka uwe umeelewa jibu, hata kama chumba kizima kimekwisha kutabasamu. Na siku ukiwa injinia umesimama chini ya mlima, ukaona ufa, kumbuka kwamba kila kijana anayeingia kuna mtu amempigia pasi shati asubuhi. Sema wasiingie.

Mungu akupeleke, mwanangu. Anayekutuma ajue jina lako lote, na la mama yako. Udongo utakaoukanyaga ukae mahali pake. Na Mungu akurudishe. Najua hapa Dzaleka neno hilo linawatisha wengi, na sina neno jingine la kuweka mahali pake. Mimi nalisema kama alivyolisema Mama Nabintu, akiwa na kigae cha moto mkononi. Akurudishe mlangoni kwa anayekusubiri.